Poncho ya kroshia: pima bega na kichwa, usiulize saizi

Mama mboga tunayepakana naye hapa Section 58 hufungua kibanda kabla jua halijatoka. Mwezi wa saba, Nakuru saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtu haambiwi kwamba mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, vidole vinamwambia. Upepo ukishuka kutoka upande wa Menengai unaingia hadi kwenye mifupa. Alikuja kwangu akasema, "Mama, sweta sitaki. Nikiosha sukuma wiki mikono yote inalowa. Nifumie poncho, lakini iwe na matundu, isinielemee kama blanketi."

Nilichukua mchoro uliokuwa na saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, nikafuma ile kubwa. Kichwa chake, pamoja na kitambaa anachofunga, hakikupita. Na mabega yake ni ya mtu aliyebeba magunia ya viazi miaka ishirini, kwa hiyo poncho iliishia katikati ya mkono ikasimama kama mwavuli. Niliifumua yote. Kazi ya siku nne ikarudi kuwa madonge.

Tangu siku hiyo sifumi poncho kwa saizi. Nafuma kwa vipimo viwili vya mwili wa mwenye kuvaa, na hivyo ndivyo nitakavyokuonyesha. Ukiweza kufuma vile vitambaa vya makochi tulivyofundishwa na mama zetu, hii utaiweza. Hakuna kuongeza wala kupunguza mishono njiani. Ni mistatili miwili inayoshonwa pamoja, basi.

Vipimo viwili

Shika tepu ya fundi. Kipimo cha kwanza kinaanzia pale shingo inapokutana na bega, kinapita juu ya bega na kushuka mkononi hadi pale mwenyewe anapotaka poncho iishie. Wengi husema kwenye kiwiko. Kipimo hiki kiite *upana*. Mama mboga alitaka ipite kiwiko kidogo, tukapata sentimita 52.

Kipimo cha pili ni mzunguko wa kichwa, juu ya masikio, na kama mtu hufunga kitambaa, pima kitambaa kikiwepo. Chake kilikuwa 60. Ongeza 12, ikawa 72. Gawa kwa mbili, 36. Sasa jumlisha na upana: 52 na 36 ni 88. Hiyo 88 ndiyo *urefu* wa kila mstatili. Kwa hiyo nilihitaji vipande viwili vya 52 kwa 88.

Kwa nini 12? Kwa sababu baadaye utafuma ukingo shingoni, na ukingo huo hula nafasi kwenye zile pembe mbili za mbele na nyuma, kama sentimita 10. Zile sentimita mbili zinazobaki ni za kupumua. Ukiisahau hesabu hii utapata poncho nzuri isiyopita kichwani, na hilo nalijua vizuri.

Mbele na nyuma poncho itashuka kwa ncha. Ukitaka kujua ncha itafika wapi, zidisha upana mara 1.4. Kwa 52 unapata karibu 73, yaani chini ya nyonga kwa mwanamke wa kimo cha kawaida. Akiona ni ndefu mno, punguza upana, usiguse hesabu ya shingo.

Mjukuu wake wa miaka sita alitoka hivi: bega hadi kiwiko 28, kichwa 52. Kichwa na 12 ni 64, nusu yake 32, jumlisha 28 ni 60. Vipande viwili vya 28 kwa 60. Njia ni ileile, kwa mtoto wa chekechea na kwa mwanamume wa futi sita.

Uzi na sindano

Kwa baridi ya huku natumia uzi wa akriliki wa unene wa kati, ule unaofumiwa sweta za shule kwa mkono, na sindano ya kroshia ya milimita 5. Wengi hutumia milimita 4 kwa uzi huo. Mimi napandisha makusudi, kwa sababu poncho inapaswa kuanguka juu ya mwili kama kitambaa, na ukifuma kwa kubana inasimama kama katoni. Kwa watu wa Molo, nyumbani kwa mume wangu, ambako kondoo wa sufu wanafugwa na baridi haina mchezo, sufu ni bora zaidi. Ila mpe mtu donge aliweke shingoni dakika chache kwanza. Kuna ngozi zisizovumilia sufu. Dada yangu yuko Kisumu, chini kule ziwani kwenye joto, na yake niliifuma kwa uzi wa pamba, ya kujitupia jioni tu. Pamba ni nzito na hurefuka ikining'inia, kwa hiyo punguza upana kwa sentimita mbili au tatu.

Uzi nunua kwa akili. Chukua kwanza donge moja, lifume lote ukianza kipande chako, kisha pima limekupa sentimita ngapi za urefu. Langu la gramu 50 lilinipa 20. Vipande viwili vya 88 ni 176, gawa kwa 20, nikahitaji madonge tisa, na moja la ukingo, kushona na matamvua. Kumi. Rudi dukani wiki hiyohiyo ununue yote, na usome karatasi ya donge: mbali na jina la rangi kuna namba ya mkupuo wa kutiwa rangi. Namba zikitofautiana, rangi "ileile" hutofautiana. Niliwahi kuuziwa madonge mawili ya mkupuo mwingine nikiambiwa ni mamoja, na chini ya taa ya duka yalifanana kabisa. Juani, mstari ulionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Toka na uzi mlangoni uutazame kwa mwanga wa mchana.

Mishono

Shangazi yangu wa Bahati alinifundisha kwa majina ya Waingereza, na nilipoanza kufuata michoro ya Marekani kila kitu kilinitokea kifupi au kirefu. Si kosa lako likikupata. Mshono ambao Wamarekani huuhesabu kuwa wa moja, Waingereza huuita wa mbili, na ule wa mbili wa Wamarekani ni wa tatu kwa Waingereza. Kwa hiyo mimi hapa nitasema ufupi na urefu, tuelewane.

*Mnyororo* unaujua. *Mshono mfupi*: ingiza sindano, vuta kitanzi, una vitanzi viwili; zungusha uzi, pita vyote viwili. *Mshono mrefu*: zungusha uzi kwanza, ingiza, vuta kitanzi, una vitatu, zungusha, pita viwili, zungusha, pita viwili vilivyobaki.

Kutokana na hiyo mitatu tunapata mapambo matatu. *Kombe* ni mishono mirefu mitano ndani ya tundu moja, inafunguka kama kombe la pwani. *Panda* ni mshono mrefu, mnyororo mmoja, mshono mrefu, yote katika tundu moja, kama panda ya mti ile watoto hutengenezea manati. Panda ndizo zinazoleta matundu. *Nundu* ndiyo inayoleta uvimbe wa kushikika kwa mkono: anza mshono mrefu lakini ukishapita vitanzi viwili vya kwanza, acha, usimalize. Anza mwingine tundu hilohilo, acha. Fanya hivyo mara nne. Sasa una vitanzi vitano kwenye sindano. Zungusha uzi, pita vyote vitano kwa mkupuo mmoja, ubane.

Sampuli, tafadhali

Najua hutaki. Fanya. Funga minyororo 20, anzia wa pili kutoka kwenye sindano, fuma mishono mifupi 19. Kisha fuata safu za hapa chini hadi uwe na safu nane hivi. Utakuwa na makombe matatu kwa upana. Ilaze mezani bila kuivuta, pima. Yangu huwa sentimita 12, yaani kila kombe ni sentimita 4.

Sasa upana wa mama mboga, 52, gawa kwa 4, ni makombe 13. Kila kombe linakula mishono 6, na kuna mmoja wa kufungia ukingoni: 13 mara 6 ni 78, na mmoja, 79. Ongeza mnyororo mmoja wa kugeukia. Nilianza na minyororo 80. Ya mtoto ni makombe 7, mishono 43, minyororo 44. Kama mkono wako unabana na kombe lako ni sentimita 3.5, basi 52 inakupa karibu makombe 15, mishono 91. Wewe fuata mkono wako, usifuate wangu. Hapo ndipo mtu na jirani yake wanapofuma mchoro mmoja wakapata nguo mbili tofauti.

Minyororo ya mwanzo ifume kwa sindano kubwa kidogo, au legeza mkono. Ukiibana, upande huo utajikunja na hakuna maji yatakayounyoosha.

Kufuma kipande

Safu ya 1, upande wa nje wa nguo: mshono mfupi kwenye kila mnyororo kuanzia wa pili. Hesabu hapa, kwa sababu hapa ndipo kosa ni rahisi kulirekebisha. Funga pini kwenye safu hii ili usisahau upande wa nje ni upi.

Safu ya 2, ya makombe: geuza, mnyororo mmoja, mshono mfupi kwenye tundu la kwanza. Ruka mawili, kombe kwenye la tatu, ruka mawili, mshono mfupi kwenye linalofuata. Endelea hivyo hadi mwisho. Lazima umalizie na mshono mfupi kwenye tundu la mwisho. Usipofika sawa, umeruka vibaya mahali fulani. Rudi, usijidanganye kwa kubana mwishoni.

Safu ya 3, ya panda: geuza, minyororo minne (mitatu inasimama badala ya mshono mrefu, wa nne ni tundu). Mshono mfupi juu ya mshono wa katikati wa kombe, yaani wa tatu. Mnyororo mmoja, panda kwenye mshono mfupi ulio bondeni kati ya makombe, mnyororo mmoja, kisha tena mshono mfupi juu ya kombe. Ukifika kombe la mwisho, mshono mfupi katikati yake, mnyororo mmoja, mshono mrefu mmoja tu kwenye mshono wa ukingoni. Pembeni hakuna panda kamili, na ndiyo maana pembe zitakaa wima.

Safu ya 4, ya makombe tena: geuza, mnyororo mmoja, mshono mfupi kwenye mshono wa kwanza. Kombe zima juu ya ule mshono mfupi uliokaa juu ya kombe la chini, kisha mshono mfupi ndani ya tundu la panda. Endelea. Wa mwisho unaingia kwenye mnyororo wa tatu wa ile minne ya kugeukia, mahali ambapo wengi hupapita bila kupaona, na upande mmoja ukaanza kupungua.

Safu ya 3 na ya 4 ndizo nguo yenyewe. Makombe yanapandana juu ya makombe na panda juu ya panda, na baada ya muda hutahitaji kuhesabu, macho yatakuambia. Mimi huzifuma ndani ya matatu ya Njoro.

Ukishakuwa na jozi nne za makombe na panda, ukiishia na safu ya panda, weka mkanda wa nundu. Mkanda ni safu nne. Ya kwanza ni mishono mifupi mitupu: mmoja juu ya kila mshono na mmoja ndani ya kila mnyororo, ila mshono wa kwanza kabisa na wa mwisho kabisa utie miwili miwili, ili hesabu irudi kuwa ile ya mwanzo (79 kwangu). Ya pili, mishono mifupi tena. Ya tatu ndiyo ya nundu: mishono mifupi mitatu, nundu, kisha mitano na nundu, mitano na nundu, hadi ubaki na mitatu ya mwisho. Ya nne, mishono mifupi, hesabu tena 79. Halafu rudi safu ya 2 uendelee kama mwanzo.

Utajiuliza kwa nini safu mbili za mishono mifupi kabla ya nundu, si moja. Nundu hutokeza upande wa pili wa kazi, ule usioutazama ukiwa unafuma. Nilipofuma safu moja tu, nundu zote zilitokea ndani ya nguo. Safu ya pili inakugeuza ili nundu uzifume ukitazama upande wa ndani, nazo zitokeze nje. Gusa kwa kidole kabla hujaenda mbali.

Endelea jozi nne, mkanda, jozi nne, mkanda, hadi ufikie urefu wako. Usipofika sawasawa na mwisho wa mkanda si neno. Ishia kwenye safu ya panda, kisha safu moja ya mishono mifupi ya hesabu kamili, ukate uzi ukiacha mkia wa mita moja na nusu wa kushonea. Kipande cha pili kiwe na safu idadi ileile. Hesabu safu, usitegemee tepu peke yake, kwa sababu kipande ulichofuma jioni umechoka huwa kimelegea kuliko cha asubuhi.

Kunyoosha kabla ya kushona

Vilowanishe vipande, vikamue ndani ya taulo bila kusokota, uvilaze juu ya godoro lenye shuka safi na kuvibana kwa pini hadi vipimo vyako, kivulini, usiku kucha. Matundu yatafunguka na panda zitaonekana. Akriliki usiitie pasi moja kwa moja. Inayeyuka na kung'aa, na haitarudi.

Kuunganisha

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa hiyo fanya mezani na usome polepole. Laza kipande cha kwanza kimelala kwa urefu mbele yako, kutoka kushoto kwenda kulia. Chukua cha pili, kisimamishe juu yake kama herufi L inayoonekana kwenye kioo, ncha yake fupi ikigusana na upande mrefu wa cha kwanza, ikianzia pembeni kabisa kulia. Bana kwa pini sentimita zote 52, kisha shona kwa sindano butu, ukichukua uzi mmoja huku na mmoja kule, bila kuvuta.

Sasa ncha fupi ya kipande cha kwanza, ile iliyo huru kushoto, ikunje juu na kuileta kwenye upande mrefu wa ndani wa kile kilichosimama, ikutane na mwisho wake wa juu. Bana, shona. Kitakachobaki wazi katikati ni shingo, na utaona kila kipande kimechangia 36. Kila kipande kina ncha moja fupi iliyoshonwa na nyingine huru. Ukiona ncha mbili za kipande kimoja zimeshonwa kwenye upande wake mwenyewe, umekosea. Fumua kabla hujakata uzi.

Vaa. Mvalishe mwenyewe ikiwezekana, kabla ya ukingo. Mama mboga aliivaa hapo akainama, akanyoosha mkono juu kama anayetoa kabichi kwenye rafu, akasema, "Hii sasa ni yangu."

Shingo ya kukaza na kulegeza

Zunguka shingo yote kwa mishono mifupi, mmoja kwenye mwisho wa safu fupi na miwili kwenye mwisho wa safu ndefu. Kwenye pembe mbili, ya mbele na ya nyuma, ruka mishono miwili, la sivyo ukingo utasimama. Mzunguko wa pili ni wa vitundu: mshono mrefu, mnyororo mmoja, ruka mmoja, mshono mrefu, na pembeni ruka mitatu. Wa tatu, mishono mifupi.

Fuma mnyororo wa sentimita 130, urudi juu yake kwa kuchomeka sindano na kuvuta uzi moja kwa moja hadi mwisho, uwe kamba imara. Ipitishe kwenye vile vitundu. Alfajiri anaikaza hadi kooni, saa nne jua likiwaka anailegeza inakaa mabegani. Kwa mtoto mdogo usiweke kamba shingoni. Acha vitundu vitupu.

Pindo na matamvua

Pindo la chini lizungushe kwa mishono mifupi, mitatu ndani ya kila moja ya zile ncha mbili ili zilale. Ya mtoto hapa ndipo panapompa miaka zaidi. Ikifika Desemba na amerefuka, fumua matamvua, ongeza mizunguko ya mishono mirefu kwenye pindo hili, kila mara ukitia mitatu kwenye ncha, na rangi ikiwa tofauti itaonekana kama pambo. Weka donge moja kando tangu leo.

Kwa matamvua, kata kipande cha katoni chenye upana wa sentimita 12, zungushia uzi, kata upande mmoja; nyuzi zinatoka zote sawa, sentimita 24. Chukua nne, kunja katikati, vuta kitanzi kupitia pindo kwa sindano, pitisha mikia ndani ya kitanzi, kaza. Moja kila sentimita 4. Ile ya mama mboga ingechukua matamvua 70 kuzunguka pindo lote, lakini nilimwachia sehemu ya mbele bila hata moja, kwa sababu angeyachovya kwenye beseni la mboga.